Nibu nene ya marehemu baba: isagwe au izoewe?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia kalamu tatu za wino, zote za nibu nene, yaani ule ulimi wa metali unaoandikia. Tangu utotoni nilipenda kumtazama akiandika nazo, na nadhani ugonjwa huu wa kalamu nimeurithi kwake. Moja ina nibu ya dhahabu iliyoandikwa 14K na kijiwenzo, yaani kijiti cha kuinua, ubavuni. Ya pili hujazwa wino kwa kuzungusha kitako. Ya tatu ni ya katriji, kile kibomba cha wino kinachochomekwa. Nimeanza na hiyo ya kuzungusha: inakwaruza, inaruka mwanzo wa maneno, na kwa kuwa mwandiko wangu ni mdogo, herufi a na e zinaziba kabisa. Rafiki mmoja anasema nibu huzoea mkono wa mwenyewe, kwa hiyo hii haitanikubali kamwe. Mwingine anasema nimpe fundi aisage iwe nyembamba. Nimsikilize yupi? Na ile ya kijiwenzo, niijaze tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee.

Kati ya rafiki zako wawili, wa kwanza ameshika nusu ya ukweli. Wa pili atakuharibia mali. Usiisage. Metali ikishaondoka kwenye ncha ya nibu hairudi, ila kwa kuchomelewa ncha mpya, kazi ambayo mafundi wanaoiweza ni wachache na malipo yake mara nyingi huzidi bei ya kalamu mpya nzuri. Tena kile unachoshauriwa kukiondoa ndicho kitu pekee kwenye kalamu hiyo kilichopata umbo lake mkononi mwa baba yako.

Watu husema nibu "hujifunza" mkono wa mtu, wakidhani ni dhahabu inayopinda taratibu kumfuata mwenyewe. Sivyo. Dhahabu ya karati 14, ambayo viwanda vingine huigonga mhuri wa 585 kwa kuwa sehemu 585 kati ya 1000 ni dhahabu halisi, hupinda kidogo ukiikandamiza kisha hurudi ilipokuwa. Ukiizidishia nguvu haizoei, inaharibika. Kwa hiyo mwili wa nibu ya mzee bado ndio uleule uliotoka kiwandani, isipokuwa kama kalamu iliwahi kuanguka. Kilichobadilika kiko mbele kabisa, pale panapogusa karatasi.

Ncha ya nibu nzuri si dhahabu wala si chuma cha pua. Ni kitone cha aloi ngumu sana kilichochomelewa mwishoni mwa nibu, kisha kikapasuliwa katikati pamoja na nibu yenyewe ili wino upate njia. Zamani aloi hiyo ilikuwa ya osmiamu na iridiamu, ndiyo maana wengi wanaendelea kukiita iridiamu hata leo, ingawa katika nibu nyingi za sasa iridiamu haimo. Kitone hicho ni kigumu, lakini karatasi nayo husaga polepole. Mtu akiandika kila siku kwa miaka mingi, kitone huliwa upande mmoja, kama soli ya kiatu inavyoliwa kwa mwendo wa mwenye kiatu.

Unaweza kukiona kwa macho yako. Tafuta lenzi ya mkono inayokuza mara 10, ile wanayotumia masonara. Futa nibu, igeuze tumbo juu chini ya taa, kisha iviringishe taratibu kwa vidole viwili. Nibu ambayo haijatumika ina tumbo la mviringo, na mng'aro wa taa hutembea juu yake bila kukatika. Nibu ya mtu aliyeandika sana ni tofauti. Mng'aro unatembea, unatembea, halafu ghafla unaruka: kuna kiwanja kidogo bapa kinachowaka chote kwa mpigo mmoja, kisha kinazimika chote. Hapo ndipo baba yako alipokuwa akiegemea. Kikiwa karibu na ncha, aliisimamisha kalamu. Kikiwa nyuma kidogo, chini ya tumbo, alikuwa akiilaza hadi kwenye bonde la kidole gumba. Na kikiwa kimekula jino moja la nibu, yaani nusu yake upande mmoja wa ufa, kuliko jingine, basi aliizungusha kidogo kushoto au kulia alipoishika, jambo la kawaida sana kwa watu wenye mwandiko wa kulala.

Sasa turudi kwenye kukwaruza. Kiwanja bapa kina ukingo pande zote. Ukishika kalamu kwa pembe yako badala ya pembe yake, hauandiki na kiwanja, unaandika na ukingo wake, na ukingo ndio unaokwaruza. Nibu nyembamba husamehe kosa hili kwa sababu inagusa karatasi kwa nukta ndogo. Nibu nene haisamehi. Ina pande mbili zinazotakiwa kutua pamoja. Ukiipindisha kidogo tu, upande mmoja unaning'inia hewani, ufa wa wino unaachana na karatasi, na mstari unakatika. Kwa maneno mengine, kukwaruza na kuruka unakolalamikia kunaweza kuwa tatizo moja.

Fanya hivi. Chukua karatasi laini, iweke juu ya daftari lililofungwa ili isikae juu ya meza ngumu, kisha chora namba 8 zilizolala, kubwa, bila kuacha. Usikandamize, acha uzito wa kalamu ufanye kazi. Anza kalamu ikiwa imesimama kidogo, kisha ishushe taratibu kadiri unavyoendelea kuchora. Usiposikia mabadiliko, rudi mwanzo na mara hii izungushe mkononi, kidogo kidogo, kwanza upande wa kidole gumba kisha upande wa pili. Sikiliza zaidi ya kutazama. Kuna mahali sauti ya kukwaruza itakufa na wino utatoka mzito na sawasawa. Simama hapo hapo, tazama nembo au kibanio cha kifuniko kinaelekea wapi, na ukumbuke. Ukifika hapo umeishika kalamu kama alivyoishika yeye. Baadhi ya watu wanaorithi kalamu hupata pembe hiyo kwa urahisi kuliko wanavyotarajia, kwa sababu walifundishwa kushika kalamu na mzazi yuleyule.

Je, pembe hiyo ikikuchosha mkono? Basi usijilazimishe kuandika kurasa tano nayo. Itumie kwa saini, bahasha, kadi, ukurasa mmoja wa shajara. Nawe ukiendelea kuitumia kwa pembe yako, baada ya miaka kitone kitapata kiwanja cha pili karibu na kile cha kwanza. Huko ndiko kuzoea kunakosemwa. Hakuna miujiza, na hakuna kukataliwa.

Lipo jambo moja ambalo rafiki yako wa kwanza angeweza kulisema akawa sahihi kabisa. Wazee waliokataa kuazimisha kalamu zao hawakuogopa mkono mgeni, waliogopa mkono mzito. Biki ina wino mzito kama grisi, na lazima uisukume kwa nguvu ili kigololi kizunguke. Kalamu ya wino haihitaji hilo. Wino wake ni majimaji, unateremka wenyewe kwa mvuto wa kapilari ndani ya ufa mwembamba hadi uguse karatasi. Mtu aliyekulia kwenye biki akiishika kalamu hii hukandamiza bila kujijua, meno mawili ya nibu yanapanuka, na siku moja hayarudi. Jipime: andika mistari kadhaa, geuza karatasi, pitisha kidole nyuma yake. Ukihisi mabonde ya herufi, unakandamiza. Punguza kabla hujailaumu nibu.

Kuhusu unene wenyewe, usidhani nibu zote nene ni za aina moja. Herufi B iliyochongwa kwenye nibu huashiria nene, BB nene zaidi, lakini hakuna kipimo kinachovifunga viwanda vyote. Nibu nene za Kijapani kwa kawaida huchora mstari mwembamba kuliko za Ulaya zenye herufi ileile. Kikubwa zaidi ni umbo. Nibu nene nyingi za leo zina kitone cha mviringo, kwa hiyo mstari wake ni mnene kila unakokwenda. Nyingi za zamani zilikatwa bapa, kama patasi yenye kona zilizolainishwa: ukishuka chini mstari ni mnene, ukienda pembeni unakuwa mwembamba. Nyingine zilikatwa kwa mshazari.

Kutambua ni rahisi. Chora msalaba. Mistari yote miwili ikilingana, una nibu ya mviringo. Wa kusimama ukiwa mnene kuliko wa kulala, una nibu bapa. Chora na alama ya kuzidisha pia. Mshazari mmoja ukizidi mwingine waziwazi, nibu ni ya mshazari, na hiyo inataka uizungushe mkononi ili iweze kukaa. Kama umetunza barua zake za zamani, zitazame pia kwa lenzi ileile. Herufi o itakuambia kila kitu: ikiwa nene ubavuni na nyembamba juu na chini, alikuwa na nibu bapa, na alikuwa anajua anachokifanya. Mtu huwa hachagui nibu ya namna hiyo kwa bahati, achilia mbali mara tatu. Saini ndiyo sababu ya kawaida. Nyingine ni kwamba mstari mnene husomeka kwa mbali na huonyesha rangi ya wino inavyokolea na kufifia ndani ya neno moja, kitu ambacho nibu nyembamba haikupi. Mimi naona raha hiyo peke yake inatosha, lakini mimi si shahidi asiye na upande.

Basi tuseme umepata pembe, umepunguza mkono, na bado inaruka. Hapo tunahamia kwenye uchafu. Wino ukikaa ndani ya kalamu hadi ukakauka, maji huondoka na rangi hubaki, ikaziba vijia. Chini ya nibu kuna kipande cheusi chenye mifereji. Hicho ndicho kinachoshusha wino na kupandisha hewa kwa wakati mmoja. Lewis Waterman alipata hataza ya kipande cha namna hiyo Marekani mwaka 1884, na kalamu yako inafanya kazi kwa kanuni ileile mpaka leo. Hewa isipoingia, wino hautoki. Kwa hiyo kalamu iliyoziba huanza vizuri, kisha katikati ya mstari hupauka na kukauka. Hiyo ni dalili tofauti na kuruka mwanzo wa neno, na ndiyo maana nakuomba utazame vizuri inakatika wapi.

Ya kuzungusha kitako ina pistoni ndani, na ndiyo rahisi kuliko zote kuisafisha. Vuta maji ya baridi, yasukume nje, rudia hadi yatoke meupe. Yakigoma kutakata, changanya sehemu moja ya amonia ya nyumbani na sehemu kumi za maji, tia tone la sabuni ya vyombo, vuta, acha kwa saa chache, kisha suuza mara nyingi kwa maji matupu. Usitumie maji ya moto. Usitumie spiriti ya aina yoyote: baadhi ya plastiki za kalamu hupata nyufa, nyingine huyeyuka. Pistoni ikiwa ngumu usiilazimishe. Loweka sehemu ya nibu tu kwenye maji usiku mmoja, ujaribu tena asubuhi.

Hapo kwenye kuloweka kuna mtego, hasa kwa ile ya kijiwenzo. Kalamu nyingi za zamani ni za eboniti, yaani mpira uliopikwa kwa salfa ukawa mgumu. Isugue kwa kidole gumba hadi ipate joto, kisha inuse. Harufu ya salfa itakujulisha. Eboniti iliyokwisha kupigwa na mwanga kwa miaka hugeuka kahawia ikilowekwa, na weusi wake haurudi kwa kufuta. Zipo pia za kaseini, inayotokana na maziwa, ambazo hunyonya maji na kuvimba. Usipojua kalamu ni ya nini, usizamishe kiwiliwili. Nibu na kipande chake cheusi vinaweza kusafishwa kwa kitambaa chenye unyevu na subira.

Kuna njia ya mkato ya kujua kama kosa liko kwenye nibu au kwenye mfumo wa wino, na nashangaa watu wachache wanaitumia: chovya. Usijaze kitu. Chovya nibu safi kwenye wino, gusa mdomo wa chupa ili tone la ziada liondoke, uandike. Ikiandika vizuri kwa mistari kadhaa, nibu ni nzima na tatizo liko nyuma yake. Ikiruka hata ilipochovywa, tatizo liko nchani au kwenye mshiko wako. Kalamu zote tatu zianze hivyo kabla hujajaza hata moja.

Ikiwa ni nchani, rudi kwenye lenzi, na sasa itazame nibu uso kwa uso, ncha ikikuelekea. Nusu mbili za kitone zinatakiwa kukaa sawa. Moja ikiwa juu kidogo, hiyo ndiyo inayokwaruza, na mara nyingi utasikia inakwaruza ukielekea upande mmoja tu. Weka ukucha juu ya jino lililopanda, lisukume chini kwa upole kwa sekunde chache, liachie, tazama tena. Kidogo kidogo. Koleo lisikaribie.

Kasoro nyingine inayotajwa sana kwenye nibu nene ni ya kung'arishwa kupita kiasi kiwandani, hadi kingo za ndani za ufa zikawa za mviringo. Wino hufika mwisho wa ufa ukasimama juu ya karatasi bila kuigusa, na mstari wa kwanza hautoki mpaka ukandamize. Maelezo hayo yanafanana na yako, ndiyo maana mtu anaweza kukuambia nibu inahitaji kusagwa. Lakini fikiri: kasoro hiyo hupungua kadiri nibu inavyotumika, kwa sababu karatasi inaula mviringo huo na kuuleta ufa usawa wa karatasi. Kama umeona kiwanja bapa kwenye nibu ya mzee, kasoro ya kiwandani karibu haiwezi kuwa ndiyo sababu pale alipoegemea. Ningeishuku zaidi kwenye ile ya katriji ikiwa haikutumika sana. Na hata hapo, zile karatasi laini za kung'arishia zinazouzwa kwa wapenzi wa kalamu usizipitishe kwenye nibu ya urithi. Zinafuta kiwanja chenyewe.

Tuje kwenye mwandiko mdogo, kwa sababu hapa hakuna fundi atakayekusaidia, ni hesabu. Wanaoandika kwa nibu bapa za hati huupima urefu wa herufi kwa upana wa nibu. Kwa mwandiko wa italiki, herufi kama a na e hupewa upana wa nibu mara 5. Mwandiko wa kila siku hauhitaji nafasi yote hiyo, ila ukishuka chini ya mara 3, matumbo ya herufi huziba. Tuchukulie nibu yako inachora mstari wa milimita 0.9. Mara 3 ni milimita 2.7. Ukiwa umezoea kuandika a yenye urefu wa milimita 1.5, hapana nafasi ya tundu ndani yake, hata uandike kwa uangalifu gani.

Kwa hiyo ongeza ukubwa. Tumia karatasi yenye mistari ya kuachana milimita 8 au zaidi, au isiyo na mistari kabisa na uweke karatasi yenye mistari mizito chini yake. Acha nafasi pana kati ya maneno. Punguza mwendo kidogo. Siku za mwanzo mwandiko utakuonekea wa kitoto. Vumilia, kwa sababu mkono hurekebisha uwiano wenyewe. Wengi hugundua kuwa mwandiko wao mdogo ulikuwa unaficha herufi mbovu, na nibu nene inaziweka hadharani.

Kama kazi yako inahitaji mwandiko mdogo, pembeni mwa vitabu au kwenye fomu, nunua kalamu nyingine ya nibu nyembamba ya chuma cha pua. Hilo ni rahisi na halimuumizi mtu. Ipo pia njia ya katikati: kalamu nyingi za pistoni za Pelikan, kiwanda kilichotoa kalamu yake ya kwanza ya pistoni mwaka 1929, zina nibu inayofunguka kwa skrubu pamoja na kipande chake cheusi. Kalamu za zamani za kiwanda cha Esterbrook pia, na kila nibu yake ina namba. Kama yako ni ya aina hiyo, unaweza kuifungua nibu ya mzee, kuihifadhi, na kufunga nyembamba, na siku yoyote kuirudisha. Ila usifungue kwa nguvu, na usijaribu kwenye kalamu ambayo huna hakika nayo. Nyingine nibu yake imesukumwa ndani tu, na kuizungusha ni kuivunja.

Wino na karatasi vitaamua mengine yote. Nibu nene humwaga wino mwingi, kwa hiyo karatasi duni inayovumilika kwa nibu nyembamba hapa itakuaibisha: wino utasambaa kwenye nyuzi na kutokea upande wa pili. Uzito wa karatasi si kigezo cha kutosha. Karatasi ya Tomoe River ilipata sifa kwa wapenda kalamu ikiwa na gramu 52 tu kwa mita ya mraba, kwa sababu uso wake umetiwa kinga ya kutosha wino usizame. Kwa upande mwingine, kinga hiyo inachelewesha kukauka; weka karatasi ya kunyonyea wino karibu, na usifunge daftari haraka.

Anza na wino wa bluu wa kawaida, ule unaooshwa kwa maji. Hauna shari na ukikauka unayeyuka. Ukitaka mstari mkavu usiosambaa, wino wa madini ya chuma, ule unaotoka bluu kisha ukaingia weusi unapokutana na hewa, hufanya kazi nzuri sana na nibu nene, na dhahabu hustahimili asidi yake. Chuma cha pua huvumilia zaidi au pungufu kulingana na wino, kwa hiyo usiuache ndani ya kalamu kwa wiki nyingi bila kuosha. Wino wa kuchorea wenye shelaki, gundi ya asili inayoganda, usiuingize kabisa kwenye kalamu yoyote ya mzee; ukikauka humo ndani, umegandisha kila kijia.

Ile ya katriji sina mengi juu yake. Katriji fupi za kawaida huingia kwenye kalamu nyingi za Ulaya, lakini Parker, Sheaffer, Lamy na viwanda vya Kijapani wana zao. Kama zake hazipatikani tena, tunza ile tupu, ioshe, uijaze kwa bomba la sindano.

Ya kijiwenzo ndiyo inayonitia wasiwasi. Jibu ni hapana, usiijaze tu, na usikiinue hicho kijiwenzo. Mfumo huo, ambao Walter Sheaffer alipata hataza yake mwaka 1908, unakandamiza kifuko cha mpira kilichomo ndani. Ukikiachia, kifuko kinatanuka na kuvuta wino. Mpira wa zamani huwa mgumu na kumeguka, au hugeuka ulimbo. Ukilazimisha kijiwenzo dhidi ya kifuko kilichokauka, utavunja kijiwenzo au utapasua ubavu wa kalamu. Itikise karibu na sikio: ukisikia vipande vinacheza ndani, kifuko kimekwisha. Wakati huo huo unaweza kuendelea kuandika nayo kwa kuchovya, na nibu ya dhahabu haitadhurika.

Kubadilisha kifuko ni kazi ya kawaida kwa fundi wa kalamu. Kipya hubandikwa kwa shelaki, kwa sababu shelaki huachia ikipashwa joto na hivyo fundi wa baadaye ataweza kukifungua tena. Akikuambia atatumia gundi kali ya papo kwa papo, chukua kalamu yako uondoke. Muulize pia anafunguaje. Joto kavu la taratibu ni sawa, moto wa wazi sivyo, kwani kalamu nyingi za enzi hizo ni za seluloidi, aina ya plastiki ya zamani, na seluloidi hushika moto haraka. Mwambie vipande vyote atakavyotoa akurudishie. Mwambie asipitishe kiwiliwili kwenye mashine ya kung'arishia, kwa sababu maandishi yaliyochongwa ubavuni ni membamba na hufutika mara moja, na kama jina la mzee limechongwa hapo litakwenda nayo. Kisha hakikisha ameandika kwenye risiti, kwa maneno yanayosomeka, kwamba nibu isiguswe.